Katoni Moja Ina Chupa Ngapi?

Kwenye kamati ya harusi ya dada yangu, mimi nilipewa divai. Wengine walipewa hema, wengine magari, kuna aliyepewa kutafuta mtu wa kamera. Mimi, kwa sababu niliwahi kuhudumia meza hotelini kwa miezi minane, nikaonekana mtaalamu. Hesabu ilikuwa rahisi: wageni 200, meza 20, chupa sita kila meza, jumla chupa 120. Nilikumbuka katoni zilizokuwa zikiingia stoo pale hotelini, chupa 12 kila moja. Basi katoni 10. Nikampata muuzaji Industrial Area, akaniambia kwa simu shilingi 5,400 kwa katoni. Nikagawanya, nikaona chupa inanijia kwa shilingi 450, nikasema leo Mungu amenikumbuka. Nikatuma pesa saa hiyo hiyo kabla jamaa hajageuka.

Siku mbili kabla ya harusi, pick-up ikaleta katoni 10. Zilikuwa ndogo. Nikafungua ya kwanza: chupa sita. Ya pili: sita. Nikampigia simu.

"Boss," akasema, bila hasira wala aibu, "katoni ni katoni."

Hakuwa amenidanganya, na hilo ndilo lililoniuma. Yeye hakusema 12, nami sikuuliza. Lakini nani kwenye kamati angesikia maneno hayo? Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mweka hazina, na ana daftari la mistari ambamo kila mchango umeandikwa kwa kalamu ya buluu, hadi ile mia mbili ya jirani. Alikuwa ameandika: divai, chupa 120. Akahesabu chupa mara mbili. Halafu akanitazama kwa yale macho ambayo kila Mkenya aliyewahi kukaa kwenye kamati anayajua, macho ya "pesa imeliwa". Hakusema neno. Afadhali angesema.

Harusi ikapita, divai ikaisha kabla keki haijakatwa, watu wakahamia soda na maisha yakaendelea. Yangu hayakuendelea. Nilianza kusoma ili nipate la kumwambia Shangazi, nikidhani nitapata jibu la mistari miwili. Nikajikuta Bordeaux, karne ya 12.

Lakini tuanze na leo. Chupa ya kawaida ya divai duniani ni mililita 750. Ukiziweka 12 kwenye katoni unapata lita 9, na hizo lita 9 ndizo kipimo ambacho biashara yote ya divai hujihesabia. Ukisoma kwamba kampuni fulani imeuza katoni milioni moja, maana yake ni lita milioni 9, hata kama divai yote iliuzwa kwa chupa sita sita, au kwenye mikebe, au kwenye boksi la plastiki. Ni katoni ya hesabu tu. Huwezi kuibeba.

Zile zinazobebeka ni habari nyingine. Uingereza, Marekani na Australia zimelelewa na 12. Waaustralia hata hawajisumbui kusema katoni, wanasema dazeni na kila mtu anaelewa. Ukienda Italia, Uhispania au Ujerumani, katoni ya kawaida ni ya sita. Ufaransa yenyewe haielewani. Bordeaux wanajulikana kwa kasha la mbao la chupa 12, ingawa siku hizi la sita limeenea sana. Champagne hutoka sita sita. Burgundy, kwa zile divai ambazo bei ya chupa moja inaweza kununua boda boda, utakuta kasha la chupa tatu. Afrika Kusini, ambako divai nyingi tunayokunywa Nairobi hutoka, hupakia za sita na za 12 pia. Kwa hivyo hotelini kwetu waliletewa 12, mimi nikaletewa sita, na wote wawili tuliletewa "katoni".

Sasa hiyo 12 ilitoka wapi?

Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza. Bibi harusi alikuja na eneo lake, na ndani ya eneo hilo kulikuwa na Bordeaux. Kwa miaka 300, hadi 1453, mashamba hayo ya mizabibu yalikuwa chini ya taji la Uingereza, na meli zilivuka kila mwaka zimejaa mapipa. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Waingereza walipima meli kwa idadi ya mapipa makubwa ya divai inayoweza kubeba. Pipa hilo, la galoni 252, waliliita tun. Hapo ndipo neno lao la tani lilipozaliwa, na ndipo letu lilipotoka. Mkulima wa Kitale anayeuza tani moja ya mahindi anatumia, bila kujua, jina la pipa la pombe. Nilimsimulia Shangazi hili kwanza, nikidhani litamlainisha. Halikumlainisha.

Wenyewe wa Bordeaux waliishia na kipimo chao, tonneau, ambacho ni lita 900. Ndani yake mna mapipa manne madogo ya lita 225. Sasa chukua kalamu. Lita 225 ni chupa 300 kamili za mililita 750, yaani makasha 25 ya chupa 12. Mapipa manne ni makasha 100. Wafanyabiashara wa Bordeaux kwa muda mrefu walitaja bei zao kwa tonneau, na tonneau ni makasha 100 bila hata tone la ziada. Hesabu safi namna hiyo humfanya mtu aamini kwamba kuna mtu alikaa chini akaipanga.

Hadithi inayopendwa ni kwamba Waingereza ndio walioipanga: pipa la lita 225 ni kama galoni zao 50, chupa sita ni galoni moja, kasha la 12 ni galoni mbili. Inakaribia ukweli, lakini ina haraka. Galoni hiyo ya lita 4.5 ilianza kwa sheria ya mwaka 1824. Kabla yake divai ilipimwa kwa galoni ndogo, iliyowekwa kisheria mwaka 1707 wakati wa Malkia Anne, ambayo ni kama lita 3.8. Na chupa zenyewe zilikuwa zikipulizwa kwa mdomo, hakuna mbili zilizolingana; watu wenye uwezo walikuwa na chupa zao zenye mhuri wa jina, wakizipeleka dukani zijazwe kutoka kwenye pipa. Ni mwaka 1821 ndipo Henry Ricketts wa Bristol alipopata hataza ya kalibu ya kutengeneza chupa za ukubwa unaofanana. Kuna hadithi nyingine, kwamba mililita 750 ndiyo pumzi moja ya mpuliza vioo. Hiyo siinunui hata kwa bei ya jumla. Pumzi ya nani?

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hizo galoni mbili ziligawana dunia. Wamarekani walikuwa wameshajitenga kufikia 1824, wakabaki na galoni ya Malkia Anne hadi leo. Waingereza wakachukua kubwa. Mmarekani aligawanya galoni yake ndogo kwa tano, akapata chupa ya mililita 757. Mwingereza aligawanya kubwa yake kwa sita, akapata mililita 757 na kitu. Nchi mbili zenye vipimo vinavyogombana zikawa na chupa moja, na katoni moja ya chupa 12. Ulaya ilipopanga vipimo vyake vya metriki miaka ya 1970, 750 ikawa kwenye orodha, na tarehe 1 Januari 1979 Marekani nayo ikalazimisha divai iuzwe kwa vipimo vya metriki, 750 ikiwemo. Walipunguza mililita saba hivi kwa kila chupa, na sidhani kuna mnywaji aliyezikumbuka.

Hapo bado nilikuwa nimepata ukubwa wa chupa tu. Sikuwa nimepata sababu ya kasha. Dazeni tunaijua wote: inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita, na ukitumia kidole gumba kuhesabu vipingili vya vidole vingine vinne vya mkono mmoja unafika 12. Lakini mayai pia ni dazeni huko Uingereza, na hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kuuza yai moja. Divai ilikuwa tofauti. Sheria ilikuwa na mstari.

Katika sheria ya leseni ya Uingereza ya mwaka 1964, kuuza divai kwa jumla kulimaanisha kuuza angalau galoni mbili au kasha moja, na sheria ikaeleza kasha ni nini: dazeni moja ya vyombo vya ukubwa wa chupa ya kawaida. Ukiuza 12 kwa mpigo wewe ni wa jumla. Ukiuza 11 wewe ni wa rejareja, na unahitaji leseni kutoka kwa mahakimu. Mstari huo ulikuwa na mizizi mirefu. Ilibidi William Gladstone, akiwa waziri wa fedha, apunguze ushuru wa divai ya Ufaransa mwaka 1860 na kupitisha sheria mwaka uliofuata ili maduka ya kawaida yaweze kuuza chupa moja moja ya kubeba nyumbani. Kabla ya hapo divai ilikuwa ya mtu mwenye ghala chini ya nyumba na pesa za kununua kwa dazeni.

Na mstari huo haukufa upesi. Mwaka 1980 ilianzishwa kampuni ya Majestic Wine, maghala ya divai kote Uingereza, na ukiingia humo ilikubidi ununue angalau chupa 12. Wateja walichukua kama desturi ya duka, kumbe ndiyo bei ya kuwa "jumla". Sheria mpya ya mwaka 2003 ilipofuta utaratibu ule wa zamani, kiwango cha Majestic kilibaki kwa mazoea kwa muda, kikashuka hadi sita mwaka 2009, kikaondolewa kabisa mwaka 2015. Fikiria: mtu wa Manchester miaka hiyo anasukuma toroli lenye chupa 11, anarudi kutafuta ya 12, na hajui kwamba anayemrudisha ni karani wa leseni wa zamani.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Nilikuwa nimeamini kwamba katoni ni kipimo, kama kilo. Si kipimo. Ni makubaliano kati ya mwenye kuuza, mwenye kununua na mwenye kutoza ushuru, na mwenye nguvu zaidi kati yao ndiye anayechora boksi. Waingereza hawakulima zabibu za maana kwa karne nyingi, lakini walikuwa wanunuzi wakubwa, na kasha likawa la kwao.

Sisi tunaijua hadithi hii vizuri kwa upande wa viazi. Lumbesa ni nini kama si hiyo hiyo? Kanuni zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Broka anafika shambani na gunia lililoshonewa kofia juu, mkulima anajaza hadi kofia, na analipwa gunia moja. "Gunia ni gunia, mzee." Yule jamaa wa Industrial Area alikuwa amenitolea lumbesa iliyopinduliwa.

Sita, kwa upande wake, haina mfalme wala sheria nyuma yake. Ina mgongo. Katoni ya chupa 12 ina uzito wa kilo 15 na zaidi, kwa sababu kioo peke yake ni karibu nusu kilo kwa chupa, na zile chupa nene za kujionyesha hupita hapo. Ya sita unaibeba kwapani ukiwa na ufunguo wa gari mkononi. Divai ilipoacha kuwa ya ghala la tajiri ikawa ya mtu wa supamaketi, boksi likafuata mkono wake. Na kwa divai ya bei kali, sita inamruhusu mtu kununua kasha zima bila kuuza shamba. Wafanyabiashara wa divai za kifahari London, hata hivyo, wamezoea kutaja bei kwa chupa 12 hata kama kasha lililopo ni la sita. Yaani hata wao inabidi wasome herufi ndogo. Nilifarijika kidogo.

Australia walifanya ujanja mwingine kabisa. Mwaka 1965 Thomas Angove, mtengenezaji divai wa Renmark, alipata hataza ya kuweka divai kwenye mfuko wa plastiki ndani ya boksi la karatasi. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa galoni moja. Galoni ileile: lita 4.5, chupa sita, nusu ya kasha la Mwingereza, bila kioo. Watoto wa boksi hilo wako kwenye rafu zetu leo, yale ya lita 5 yenye mrija ambayo hutokea kwenye kila bash ya chuo. Hayo ya lita 5 ni chupa sita na theluthi mbili. Jaribu kuandika hilo kwenye daftari la Shangazi.

Kuna mahali pengine kasha limejificha: kwenye ushuru wa wasafiri. Nchi za Umoja wa Ulaya huchukulia lita 90 za divai kuwa kiasi ambacho mtu anaweza kuvuka nacho mpaka kwa matumizi yake binafsi. Tisini ni nini? Makasha 10 ya chupa 12. Uingereza ilipojitoa ikaweka kiwango chake kuanzia Januari 2021: lita 18 za divai ya kawaida. Makasha mawili. Namba zinaonekana kama zimetolewa hewani mpaka uzigawe kwa 9. Kwetu Afrika Mashariki, sheria ya forodha inamruhusu msafiri lita 2 za divai, namba ambayo haigawanyiki kwa chupa yoyote ya kawaida. Chupa mbili ni lita moja na nusu, ya tatu inakupitisha. Aliyeandika hiyo hakuwa mnywaji.

Na sisi pia hatukosi vituko. Kreti ya bia Kenya ni chupa 25, tano kwa tano, na kreti ya soda ni 24, na hakuna anayeshangaa kwa sababu tumezaliwa tukazikuta. Hata maneno yetu ya kinywaji chenyewe yana mihuri ya bandari: mvinyo ni Kireno, divai ni Kifaransa, na huku mtaani tunasema waini, ambayo ni ya Mwingereza. Tulipokea majina kutoka kwa watu watatu. Kipimo tulipokea cha mmoja. Mzinga unaoagizwa klabu Ijumaa usiku ni mililita 750, sita kwa galoni, ilhali Ulaya pombe kali wameshaipeleka kwenye mililita 700.

Nilirudi kwa Shangazi mwezi wa pili. Nilikuta anachambua maharagwe kwenye ungo, nikakaa, nikaanza na Eleanor. Alinisikiliza hadi kwa Gladstone, halafu akainua mkono.

"Hizo lita 9 zako, mimi sizioni. Ni kama nini?"

Nikaangalia huku na huku. Pembeni mwa mlango kulikuwa na debe la mahindi. Nikalikumbuka debe lenyewe: bati la mafuta ya taa, galoni nne za Mwingereza, lita 18 na kidogo, ambalo mafuta yalipoisha likawa kipimo cha kila soko kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Galoni nne. Kasha la divai ni galoni mbili.

"Katoni ya chupa 12 ni nusu debe," nikamwambia.

Akaliangalia debe kwa muda. Vidole vyake bado vilikuwa vinatoa mawe kwenye maharagwe.

"Kwa hiyo ulizoleta wewe ni robo debe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Robo debe mara kumi. Debe mbili na nusu."

Hakukosea hata kijiko: lita 45. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari la harusi. Akatafuta ukurasa, akakata kwa mstari mmoja pale palipoandikwa chupa 120, na juu yake akaandika kwa ile kalamu ya buluu: divai, debe 2½. Halafu akateremsha kidole polepole hadi safu ya pesa, kwenye 54,000, akakiacha hapo.

"Na hii?"

Ikabidi nimweleze kwamba kwa bei hiyo kila chupa ilikuwa shilingi 900, kwamba ndiyo bei ya soko, kwamba ile 450 niliiota mwenyewe. Akafunga daftari.

"Oktoba ni ruracio ya binamu yako," akasema. "Wewe utashika viti."